Saa Zetu na Saa za Wanunuzi: Namna ya Kupanga Kikao na Watu wa Mbali



Miaka michache iliyopita, katika juma la tatu la mwezi wa Machi, wajumbe wanane wa vyama vya msingi walisafiri kutoka vijijini, wengine kwa pikipiki na wengine kwa lori la mazao, wakafika katika ofisi ya Chama Kikuu ili kuzungumza kwa njia ya mtandao na mnunuzi wa kahawa aliyeko New York, pamoja na wakala wake aliyeko Hamburg. Shauri lililokuwa mezani lilikuwa zito. Kahawa ilikuwa ghalani, sampuli zilikwisha pelekwa, na iwapo mnunuzi angeridhika nazo, malipo ya pili ya wanachama yangeweza kutoka kabla ya masika kukata barabara.

Barua zote za mwito zilisema saa 11 jioni. Vikao viwili vilivyotangulia, cha Januari na cha Februari, vilifanyika saa hiyo hiyo bila taabu yoyote. Basi tulikaa saa 11 kamili, tukapiga, wala hapakuwa na mtu wa kutuitikia. Wenzetu walikuwa wametungoja tangu saa 10, wakavumilia nusu saa, kisha wakaondoka. Jioni ile ile mnunuzi alipanda ndege kwenda kuonana na wauzaji wengine, nasi hatukumpata tena ila baada ya siku kumi na mbili. Wajumbe walirudi makwao na maelezo ambayo hata waliowapa hawakuyaelewa vema. Aliyepanga saa ya kikao kile ni mwandishi wa makala haya; na kwa kuwa tangu hapo vyama kadhaa vimeanza kuzungumza na wanunuzi moja kwa moja, imeonekana yafaa jambo hili lielezwe kwa kirefu, ili kosa lisirudiwe na mtu mwingine.

HESABU YETU NA HESABU YAO

Yatupasa tuanze nyumbani. Mswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na tena tangu kuchwa kwake. Wazungu, na ofisi nyingi za dunia pamoja nao, huhesabu tangu katikati ya usiku. Tofauti baina ya hesabu hizi mbili ni saa 6 daima, haipungui wala haizidi. Hesabu yetu si kioja, kama wadhaniavyo baadhi ya wageni: Waethiopia, ambao ni wakulima wenzetu wa kahawa, nao huhesabu vivyo hivyo. Kwa watu wanaoishi karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hakuna mahali pa kuanzia siku palipo wazi kuliko mapambazuko.

Matata huanza pale tarakimu zinapoandikwa kwenye karatasi. Mnunuzi huandika 9:00, akikusudia saa 3 asubuhi. Karani huisoma “saa tisa” kama aionavyo, mjumbe naye husikia saa tisa alasiri, na hufika saa sita nzima baada ya kikao kuanza. Kinyume chake hutokea pia: katibu humwandikia mgeni kwamba kikao ni “saa 4”, naye mgeni huamka alfajiri au huja alasiri. Dawa ni moja, nayo ni kutumia hesabu ya saa 24 katika kila barua iendayo nje, na kuandika hesabu zote mbili katika kila barua ibakiayo ndani. Saa 4 asubuhi ni 10:00. Saa 10 jioni ni 16:00. Saa 4 usiku ni 22:00. Tarakimu 16:00 haiwezi kudhaniwa kuwa kitu kingine.

Liko na jambo la siku, ambalo husahauliwa zaidi. Kwa desturi ya pwani, na kwa Waislamu popote walipo, siku mpya huingia jua linapokuchwa. Kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Watu wa ofisi husema maneno hayo hayo wakikusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya kiserikali, tarehe hubadilika saa 6 usiku. Watangazaji wa redio walikwisha tambua hatari hiyo zamani, ndiyo maana husema “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Nasi tuseme hivyo, au tutaje tarehe.

SAA ZA GREENWICH

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake ni nyuzi 15 kwa saa moja, na nyuzi moja kwa dakika 4. Jua likiwa utosini Mombasa, bado halijafika utosini Bukoba. Zamani kila mji uliweza kufuata jua lake wenyewe bila madhara, lakini reli na simu za waya ziliifanya desturi hiyo kuwa mzigo. Mwezi wa Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana mjini Washington, Marekani, na wengi wao wakakubali kwamba mstari upitao Greenwich, London, uwe ndio wa kuanzia hesabu ya dunia nzima. (Mwezi uliofuata ndipo ulipoanza mkutano wa Berlin juu ya Afrika, saa zetu na mipaka yetu zina umri unaokaribiana.)

Afrika Mashariki imetangulia saa za Greenwich kwa saa 3. Saa hiyo ni ya mstari wa nyuzi 45, ambao hauigusi Tanzania kabisa, bali hupita huko Somalia. Bukoba iko karibu na nyuzi 32, kwa hiyo jua huchelewa huko kwa takribani dakika 52, na adhuhuri ya kweli huangukia karibu na saa 7. Wanachama wa Kagera wanaolalamika kwamba saa 12 asubuhi kwao bado ni giza wana haki kwa hesabu ya jua. Wakati wa ukoloni Afrika Mashariki iliwahi hata kutumia saa iliyotangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, mwafaka ambao haukumpendeza mtu yeyote mwenye kufanya hesabu.

Katibu ajuaye kubadili fedha hatapata shida na sehemu inayofuata. Mtu mwenye shilingi anayetaka kujua thamani yake kwa yeni hupitia kwanza katika dola. Nasi tufanye hivyo hivyo: kila saa ipelekwe kwanza Greenwich, ndipo itoke huko kwenda itakiwako. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili iko njia fupi ya kufika Greenwich. Saa ya mchana, tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, iongezwe 3. Saa ya usiku, tangu saa 1 usiku hadi saa 12 alfajiri, iongezwe 15. Na jumla ikifika 24 au kuzidi, itolewe 24. Saa 4 asubuhi basi ni 7:00 ya Greenwich. Saa 11 jioni ni 14:00. Saa 2 usiku ni 17:00. Saa 10 alfajiri ni 10 na 15, jumla 25, toa 24, hubaki 1:00.

Ukisha kufika Greenwich, ongeza kwa nchi zilizo mashariki yake, punguza kwa zilizo magharibi. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji na mashariki ya Kongo huongeza 2, ilhali Kinshasa huongeza 1 tu. Oman na Dubai huongeza 4. India huongeza 5 na nusu. Japani huongeza 9. Ujerumani huongeza 1 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi; Uingereza haiongezi kitu wakati wa baridi, na huongeza 1 wakati wa kiangazi. New York hupunguza 5 wakati wa baridi na 4 wakati wa kiangazi, na Seattle, iliyoko pwani ya magharibi ya Marekani, hupunguza 8 au 7.

Japani ina sadfa moja inayoweza kumsaidia katibu. Imetutangulia kwa saa 6, nasi kwa Kiswahili huhesabu saa 6 nyuma ya hesabu ya Kizungu. Kwa hiyo mshale wa saa ya ukutani ya Tokyo huonyesha tarakimu ile ile tunayoitamka sisi. Saa 3 asubuhi kwetu ni saa tisa alasiri kwao, nao huiita saa tatu ya mchana. Hata saa ya São Paulo, Brazil, husoma tarakimu ya Kiswahili, ila mchana wetu wa asubuhi ni usiku wao: saa 3 asubuhi yetu ni 3:00 ya usiku kwao. Brazil iliacha kubadili saa mwaka 2019, Japani nayo haibadili, kwa hiyo sadfa hizi hudumu mwaka mzima.

KUBADILISHWA KWA SAA KATIKA NCHI ZA BARIDI

Hapa ndipo lilipotoka kosa letu. Hamburg iko mbali sana kaskazini, hata mchana wa mwezi wa Juni hufikia saa 17 hivi, na ule wa Desemba hupungua hadi saa 7 na nusu. Ujerumani, ikiwa katika vita na yenye uhaba wa makaa, iliamua mwaka 1916 kusogeza saa zake mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi, ili watu watumie mwanga wa jua badala ya taa. Nchi nyingine zikafuata, zikaacha, zikarudia tena. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuiondoa desturi hiyo, lakini serikali za nchi wanachama hazikuafikiana, nayo ikaendelea.

Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu mwaka 2007, husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadili chochote. Matokeo yake ni kwamba kila mwaka huwa na majuma mawili au matatu katika Machi, na juma moja kati ya Oktoba na Novemba, ambapo Marekani iko katika saa za kiangazi na Ulaya bado iko, au imekwisha rudi, katika saa za baridi.

Kikao chetu kilipangwa kwa saa ya New York, yaani 9:00 ya asubuhi huko. Januari na Februari saa hiyo ilikuwa 14:00 ya Greenwich, nayo ni saa 11 jioni kwetu na 15:00 Hamburg. Machi, Marekani ilipokwisha sogeza saa, 9:00 ile ile ikawa 13:00 ya Greenwich: saa 10 jioni kwetu na 14:00 Hamburg. Wakala wa Hamburg alilijua jambo hilo, akakaa saa moja mapema. Sisi tuliutazama ukuta wetu, ambao haukuwa na habari yoyote.

Kutokana na hayo, kila kikao cha kudumu lazima kiwe na mwenyewe: iandikwe bayana kinafuata saa ya mji gani. Maoni ya mwandishi ni kwamba, panapowezekana, kifuate saa za Afrika Mashariki, kwa sababu sisi ndio tusiobadilika, na kwa sababu wajumbe wetu hawana magari ya kuwawahisha. Mnunuzi aliye ofisini kwake anaweza kusogeza kiti chake saa moja. Mjumbe aliyekwisha tembea kilomita kumi hawezi kuirudisha njia.

BEI HAINGOJI

Huenda mwanachama akauliza kama saa moja inastahili maneno mengi hivi. Atazame namna bei ya kahawa inavyofungwa. Katika mikataba mingi ya kahawa ya arabika bei haitajwi siku ya kutia sahihi. Hukubaliwa tu kwamba itafuata bei ya soko la New York, kwa kuongeza au kupunguza kiasi fulani, na muuzaji hupewa muda wa kuchagua siku ya kuifunga. Soko hilo hufungwa saa 13:30 za huko. Kwetu ni saa 3 na nusu usiku wakati wa baridi yao, na saa 2 na nusu usiku wakati wa kiangazi chao. Soko la robusta la London hufungwa 17:30 za huko, ambayo ni saa 2 na nusu usiku kwetu wakati wa baridi na saa 1 na nusu usiku wakati wa kiangazi.

Kontena moja hubeba magunia 320 ya kilo 60, ambayo ni kilo 19,200, au ratili 42,300 na ushei. Bei ya New York hutajwa kwa senti za dola kwa ratili. Senti moja tu ikipungua, kontena hilo limepoteza dola 423 hivi. Senti tano, ambazo bei huweza kuziruka katika siku moja, ni dola zaidi ya 2,100. Amri ya kufunga bei ikitolewa nusu saa baada ya soko kufungwa hungoja kesho, na kesho ina bei yake. Wakati mwingine huwa nzuri zaidi, lakini hapo mtu huwa amecheza kamari kwa mali ya wanachama bila kupewa ruhusa na mkutano mkuu.

NANI AKESHE?

Tuchukue mfano wa kikao cha watu wengi: sisi, Hamburg, New York na Seattle, katika mwezi wa Januari. Saa 12 jioni kwetu ni 15:00 ya Greenwich. Hamburg ni 16:00, kazi bado inaendelea. New York ni 10:00 asubuhi. Seattle ni 7:00 asubuhi. Huyo ataamka mapema kidogo, lakini ataweza. Katika Julai saa hiyo hiyo yetu huwa 17:00 Hamburg, 11:00 New York na 8:00 Seattle, na wote hupata nafuu, isipokuwa Mjerumani anayetaka kwenda nyumbani. Ukimwongeza mtu wa Tokyo, kwake ni 24:00, katikati ya usiku. Hakuna hesabu itakayowaweka wote hawa mchana, na asiwepo katibu wa kujilaumu kwa kutoipata. Japani ifanyiwe kikao chake asubuhi yetu, Marekani jioni yetu.

Imezoeleka, hata hivyo, kwamba mzigo wa usiku humwangukia muuzaji. Mnunuzi wa Seattle hupendekeza 10:00 ya asubuhi yake, ambayo wakati wa baridi ni saa 3 usiku kwetu, naye hafikirii kwamba mwenyekiti wa chama cha msingi atarudi nyumbani kwa njia ya migomba akiwa na tochi. Hafanyi hivyo kwa ubaya, hajaambiwa. Katibu asione haya kumjibu kwa adabu kwamba saa hiyo kwetu ni usiku, na kupendekeza 7:30 yake. Kikao kikirudiwa kila mwezi, basi iwe zamu: mwezi huu akeshe huyu, mwezi ujao aamke yule. Wanunuzi waliokwisha ombwa hivyo walikubali.

BARUA NA SIMU

Barua ya mwito iwe na siku, tarehe, saa ya Kiswahili, saa ya tarakimu 24, na saa ya Greenwich. Mathalani: “Kikao kitafanyika siku ya Alhamisi, saa 11 kamili jioni, saa za Afrika Mashariki (17:00), sawa na 14:00 za Greenwich.” Tarehe iandikwe mwezi kwa jina, kwa maana 4/7 kwetu ni tarehe nne Julai, na kwa Mmarekani ni tarehe saba Aprili. Maneno kama “kesho asubuhi” au “mwisho wa siku” yasitumike hata katika ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa kesho ya Tokyo huanza kwetu saa 12 jioni. Juma moja kabla ya kikao, na tena siku ya kuamkia kikao, saa ithibitishwe. Kama kikao kiko katika Machi, Oktoba au Novemba, katibu aifanye hesabu upya, asiinakili barua ya zamani. Mwandishi aliinakili.

Simu za mkononi hubadili saa zenyewe, na hesabu zake kwa kawaida ni sahihi, maadamu zinajua zilipo. Vyama vilivyo karibu na mpaka vina taabu yao. Huko Ngara, Karagwe, Kyerwa, Kyela na Tunduma, simu hunasa mnara wa ng'ambo ya mpaka, ikadhani iko Rwanda, Burundi, Malawi au Zambia, nayo hujirudisha nyuma saa moja bila kuaga. Makatibu wawili wa chama kimoja wanaweza kukaa chumba kimoja na simu mbili zisizopatana. Tiba yake ni kuondoa katika simu mpango wa kufuata saa ya mtandao, na kuchagua kwa mkono saa ya Dar es Salaam au Nairobi. Kompyuta ya ofisi nayo ikaguliwe, hasa ikiwa ilinunuliwa imekwisha tumika, kwa kuwa nyingine huja zikiwa bado zinafuata saa za Ulaya, na kila mwito utokao humo huwa umepotoka tangu ulipoandikwa.

Katika ofisi ya Chama Kikuu sasa zimetundikwa saa mbili ukutani, moja ya Afrika Mashariki na ya pili ya Greenwich. Chini yake pamebandikwa karatasi ya Jumapili nne za mwaka ambazo Ulaya na Marekani hubadili saa, na nakala yake itapelekwa kwa kila chama cha msingi pamoja na fomu za makisio ya mavuno. Katibu ambaye chama chake kiko mpakani anaombwa aje na simu ya chama atakapokuja kuzichukua fomu hizo. Kuirekebisha ni kazi ya dakika moja.